Kiazi ni kilekile, klasi ni nne: nilivyosajili jina la krispi zangu hapa Nakuru

Wacha nianze na viazi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kiazi kikitoka shamba huko Molo na udongo wake, ukikitia kwa gunia na gunia likaandikwa jina lako, hiyo ni klasi ya 31, yaani fungu la 31 kwa orodha ya kusajili alama za biashara. Ukikimenya, ukikate nyembamba, ukikaange kikawa krispi, ni klasi ya 29. Ukikikausha ukasaga unga ni 30. Na ukikikata chipsi ukamwekea mtu kwa sahani na kachumbari akakaa kwa meza yako akala, hapo hata hauuzi kiazi tena, unauza huduma, na hiyo ni klasi ya 43. Mwenye jina ni mmoja, kiazi ni kilekile, lakini kwa vitabu vya alama za biashara hivyo ni vitu vinne na vinalipiwa mara nne. Kama haijakuingia soma tena kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa biashara ndogo hupotelea, wanadhani wanasajili jina. Jina peke yake halisajiliwi. Unasajili jina likiwa juu ya kitu fulani.

Mimi nakaanga krispi hapa Nakuru. Nilianza jikoni kwetu Free Area na sufuria moja na ile mashine ya mkono ya kukata, saa hii niko na chumba cha kukodi na vijana wa kusambaza, tunapelekea maduka ya mtaa, kantini za shule na supamaketi kadhaa ndogo. Viazi natumia Dutch Robijn nikiipata maana Shangi ni tamu kwa chipsi lakini kwa krispi inashika rangi haraka na inanywa mafuta, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Jina la krispi sitalitaja isionekane natangaza, jua tu ni maneno mawili, jina la ndege na jina la rangi.

Mambo ya kusajili yaliletwa na mnunuzi wa supamaketi moja. Aliangalia pakiti akapenda, akauliza bei, halafu akauliza, "Boss, hili jina ni lako kweli?" Nikatoa cheti cha eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Akakiangalia akanirudishia, akasema hicho ni cha jina la biashara, yeye anataka kujua kama kesho mtu ataleta barua ya wakili krispi zitolewe kwa shelfu. Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kile cheti cha Business Registration Service kinaonyesha ni nani yuko nyuma ya biashara, kinakufungulia akaunti ya benki na tili ya M-Pesa, basi. Hakimzuii mtu wa Naivasha kuandika jina lilelile kwa pakiti yake. Leseni ya kaunti pia haimzuii. Alama ya KEBS, lile shirika la viwango, inasema bidhaa imefikia kiwango, haisemi jina ni la nani, na ile mistari ya bakodi ni ya mashine ya kaunta. Watu hubandika hivi vyote kwa ukuta vikiwa na fremu na wanalala usingizi wakijua wamekingwa.

Kinachokinga jina kwa bidhaa ni alama ya biashara, wengi tunaita tredimaki, na ofisi yake ni KIPI, ile taasisi ya mali ya viwandani iko South C Nairobi. Sheria yenyewe ni Trade Marks Act, Sura ya 506. Sasa ukifika kwa fomu, baada ya jina na anwani na picha ya logo, unakutana na mahali pameandikwa klasi, na hapo ndipo kalamu ya kila mtu husimama.

Hizo klasi hazikutungwa Kenya. Zinatoka kwa makubaliano ya mji wa Nice, Ufaransa, ya mwaka wa 1957, na saa hii orodha inashughulikiwa na WIPO, shirika la dunia la mali ya ubunifu, huko Geneva. Ziko 45. Ya 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Nilienda saiba moja ya Kenyatta Avenue nikaprintiwa orodha nzima, nikawa nasoma usiku mafuta yakipata moto, na nakwambia ukweli ni kitu cha kuchekesha kuliko vipindi vya runinga. Bia iko 32 pamoja na maji, soda na juisi, lakini divai na pombe zingine zote ziko 33. Yogati ni 29, aiskrimu ni 30, ingawa zote zimetoka kwa ng'ombe mmoja. Yai la kula ni 29 lakini yai la kutotoa kifaranga ni 31. Soseji ni 29, ukiiingiza ndani ya mkate ikawa hot dog inahamia 30. Klasi ya 9 ina programu za kompyuta na ile mitungi ya kuzima moto, zote nyumba moja. Na klasi ya 5, hii ilifanya mama watoto akacheka mpaka akakaa chini, ina chakula cha watoto wachanga na dawa ya kuua mende.

Nikichekacheka hivyo ndiyo nikaona mpangilio wake. Haiangalii kitu kimetengenezwa na nini peke yake na haiangalii wewe ni nani. Inaangalia kitu chenyewe kikiwa mkononi mwa mnunuzi, kimefika hatua gani na ni cha kazi gani. Kuku akiwa hai ni 31, akichinjwa ni 29, chakula chake ni 31, na ukifungua hoteli ya kuku wa kuchoma ni 43. Yule kijana wa smoki pasua unayemwona na troli kila kona ya Nakuru, kampuni inayotengeneza smoki, zile soseji za kutiwa moshi, iko 29, lakini yeye anayepasua, anatia kachumbari na kukupea ule hapo umesimama, akitaka kusajili jina la troli lake ataangalia 43.

Swali nililojiuliza lilikuwa moja tu, na bado ndilo nawauliza watu: mteja akikutumia pesa, anakulipa kwa sababu ya nini? Jibu la hapo ndilo linakupeleka kwa klasi. Mengine yote ni vifaa vya kazi yako.

Nasema hivi kwa sababu ushauri wa bure ulikuwa mwingi. Kijana mmoja wa saiba, ambaye kazi yake ni kujazia watu fomu, aliniambia niweke 35 "kwa sababu hiyo ndiyo ya biashara." Ni kweli neno biashara liko hapo. Lakini 35 ni ya matangazo, kusimamia biashara za watu wengine, na huduma ya duka, yaani wewe unakusanya bidhaa za watu mbalimbali mahali pamoja ili mnunuzi achague. Ukiwa na supamaketi, duka la mitumba lenye jina, au wakala wa matangazo, 35 ni yako. Mtu anayekaanga krispi na kuziuza mwenyewe hatoi huduma ya kuuza, anauza krispi. Ningekuwa na cheti kizuri cha 35 na mtu akaja na krispi zenye jina langu, ningebaki kujieleza kwa majaji jinsi krispi na usimamizi wa biashara zinahusiana. Na naona watu wengi sana wako 35, wengine 35 peke yake, na wanauza unga.

Mwenye kuniprintia pakiti naye akasema 16 ndiyo sahihi sababu ni karatasi na vifungashio. Mwingine akasema 39 maana huko kuna usafirishaji na kupakia bidhaa. Wote walikuwa wanaangalia kitu wanachoshika wao. 39 ni ya mtu anayelipwa kusafirisha au kupakia mizigo ya wengine. Pakiti yangu mteja haitaki, anaitupa pale stage akimaliza, anacholipia ni kilichokuwa ndani.

Huyo wa kuprinti pia alitaka kuniwekea ile R ndani ya duara karibu na jina, ati pakiti inakaa ya kampuni kubwa. Nikakataa. Hiyo R inamaanisha alama imesajiliwa, na kuiweka kabla haijasajiliwa ni kosa kisheria hapa Kenya. Ukitaka kuonyesha kwamba unadai jina ukiwa bado unangoja, weka TM, hiyo haina shida. Ukitembea Wakulima Market uangalie lebo utashangaa ni R ngapi zimechorwa tu na fundi wa Photoshop.

Tuje kwa pesa maana hapo ndipo klasi inauma. Nilipofanya mimi, utafutaji wa kwanza, ule wa fomu ya TM 27, ulikuwa 3,000 kwa kila klasi. Ombi lenyewe kwa fomu ya TM 2 lilikuwa 4,000 kwa klasi ya kwanza na 3,000 kwa kila klasi unayoongeza. Halafu kuna ya kutangazwa kwenye jarida la KIPI na ya cheti. Uliza bei kabla ya kutuma kwa sababu ada hubadilika, lakini hesabu inaenda hivyo, kila klasi ni kama 6,000 kabla hata hujafika mwisho, na hiyo ni magunia mazuri ya viazi. Kwa hivyo hauwezi kusema weka zote. Na hata ukiwa na pesa ya zote 45, sheria inaruhusu mtu aombe alama yako iondolewe kwa bidhaa ambazo haujaitumia miaka 5 mfululizo, kwa hivyo kujaza klasi za ndoto ni kukodisha nyumba hautalala.

Tulikaa na mama watoto na shemeji yangu tukaandika kila kitu tunafanya na tunachotaka kufanya. Krispi za viazi, hiyo haina mjadala, 29. Popkoni tulikuwa tumeshaanza kujaribu, na hapa angalia, popkoni ni ya mahindi, na vitafunio vya nafaka viko 30, haviko na krispi za viazi hata kama kwa duka vinapangwa kwa shelfu moja. Tukaweka 30. Shemeji alitaka juisi ya matunda, 32, lakini hakuna aliyekuwa na mashine wala mpango wa mashine, tukaiacha. Mimi nilikuwa natamani kibanda cha kukaa watu, 43, tukasema ngoja. Halafu ikaja swali la tisheti.

Vijana wangu wa kusambaza huvaa tisheti zenye logo, na mtu alikuwa ametuambia lazima tuongeze 25 ambayo ni ya nguo. Hapana. Tisheti ya mfanyakazi ni tangazo la krispi. Siuzi nguo, hakuna mtu anakuja kwangu kununua tisheti. 25 ni ya mtu ambaye nguo ndiyo bidhaa. Unakumbuka ile kelele ya hakuna matata? Mwaka wa 2018 watu wa Afrika Mashariki na kusini walikasirika sana ati Disney wamenunua Kiswahili chetu, kukawa na saini zinakusanywa mtandaoni, kila grupu la WhatsApp lilikuwa linawaka. Disney waliomba alama hiyo huko Marekani mwaka wa 1994 na ikasajiliwa 2003, kwa nguo, tisheti, klasi ya 25. Kwa hivyo kusema unaruhusiwa, kuimba unaruhusiwa, kuandika kwa mgongo wa matatu yako ya Nakuru kwenda Nyahururu unaruhusiwa, maana hata cheti cha Marekani ni cha Marekani. Unaweza kukasirika bado, mimi nilikasirika, kuna kitu hakiko sawa mtu akichukua maneno ambayo nyanya yako anasema kila siku. Lakini angalau kasirikia kitu chenyewe. Lugha yote haikuchukuliwa.

Jina lenyewe pia lilitusumbua kabla ya klasi. Hapa Nakuru ukitafuta jina la biashara unajikuta kwa flamingo, Menengai, Rift Valley ama Lake View, nusu ya mji ni hayo. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na jina lenye Nakuru ndani na lingine lenye neno tamu. Jina la mahali, kwa maana yake ya kawaida, ni gumu kumpa mtu mmoja, wakulima na wauzaji wote wa hapo wanalihitaji. Na neno linalosifu au kueleza bidhaa, kama tamu, freshi, bora, ni la kila mtu, ukibahatika logo ipite utaambiwa uandike kwamba hayo maneno haudai kuwa yako peke yako. Na hata hili linategemea klasi. Neno "viazi" kwa pakiti ya krispi halifai kitu, ni kueleza tu. Lakini mtu akiita kiwanda chake cha viatu Viazi, hapo linakuwa jina, halielezi kiatu hata kidogo. Ndege wetu wa rangi hasemi lolote kuhusu krispi, ndiyo maana alipita.

Majibu ya utafutaji yaliporudi tuliona kuna mtu ana ndege wa aina ileile, bila rangi, kwa klasi ya 31, chakula cha mifugo. Mama watoto akaogopa. Wakili, ambaye ni dada mmoja tunayesali naye na anayefanya hizi kazi, akatueleza kitu ambacho karatasi ya saiba haikuwa nacho. Namba ya klasi ni ya kupangia mafaili na ada. Ofisi ikiangalia kama majina yanagongana haiangalii namba peke yake, inaangalia kama bidhaa zenyewe zinafanana au zinahusiana, zinauzwa wapi, zinanunuliwa na nani, mtu wa kawaida atachanganyikiwa ama la. Vitu viwili vinaweza kuwa klasi moja na visihusiane, kama zile programu za kompyuta na mtungi wa moto. Na vitu viwili vinaweza kuwa klasi tofauti na vikawa ndugu, kama yogati ya 29 na aiskrimu ya 30, ama bia na divai. Chakula cha ng'ombe cha gunia la kilo 70 na krispi za pakiti, hakuna mteja anachanganya. Tukaendelea.

Dada wakili akatufanyia jambo lingine ambalo lilinisaidia kuliko yote. Kwa fomu mimi nilikuwa nimeandika "krispi za viazi" nikaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Na ndizi hautawahi kukaanga?" Ndizi za krispi pia ni 29. Njugu za kukaanga ni 29. Ada ni kwa klasi, si kwa kila bidhaa ndani ya klasi, kwa hivyo ukishalipa 29 unaweza kuandika vitafunio unavyokusudia kweli kutengeneza. Akakataa lakini nisiandike klasi nzima, maana 29 ina nyama, samaki, maziwa na mafuta ya kupikia, na ukidai hayo yote unajitafutia ugomvi na watu wa nyama ambao hamngewahi kukutana. Saa hii tunauza krispi za ndizi za kutoka Kisii na hatukurudi KIPI kuomba upya. Akatuambia pia tuweke logo ya nyeusi na nyeupe kama hatuna sababu ya kufunga rangi, kwa sababu alama isiyowekewa mipaka ya rangi inahesabiwa ni ya rangi zote.

Baadaye ombi likatangazwa kwenye jarida. Kuanzia hapo mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Hakuna aliyepinga. Cheti kikatoka, miaka 10 kuhesabu kutoka siku tuliyopeleka ombi, halafu unalipia tena na kuendelea.

Kutoka hapo nimekuwa kama ofisi ndogo ya watu wa mtaa. Mama anayesaga unga wa uji alikuja akiwa ameambiwa 30, na ni sawa, ila pakiti yake imeandikwa ni ya watoto wachanga, na hapo 5 inaingia, nikamwambia aamue kwanza anauzia nani. Mzee wa asali kutoka upande wa Baringo ana asali 30, sabuni ya asali 3, mishumaa ya nta 4, na mizinga anayouza ni 20, na alitaka zote siku moja. Nikamuuliza gani inalipa karo ya watoto. Asali. Basi mzee anza na 30. Mwenye posho mill alikuwa anadhani yeye ni 30 kwa sababu ya unga, lakini watu humletea mahindi yao anawasagia, hiyo ni huduma ya 40. Akianza kupakia unga wake mwenyewe na jina, hapo ndiyo 30. Na wa Busia nawaambia cheti cha Kenya hakivuki mpaka, ukiuza sana Uganda kuna kazi nyingine ya kufanya huko.

Sasa ya juisi. Ile 32 tuliyoiacha. Siku moja muuza duka wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru ananipigia, "Boss, kumbe umeingia juisi na haukutuambia?" Nikaenda nikaona, chupa ndogo ya maembe, jina lilelile, ndege na rangi, hata kichwa cha ndege kimeangalia upande mmoja na wangu. Nilisikia joto la masikio. Namba ilikuwa kwa lebo nikapiga hapo hapo, akashika kijana mpole tu, yuko upande wa Gilgil, akanisikiza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Lakini wewe mkubwa uko 29 na 30. Mimi ni 32." Alikuwa amesoma!

Na hakuwa anadanganya. Dada wakili alinifungulia sheria: haki ya cheti changu ni kwa zile bidhaa zimeandikwa kwa cheti. Juisi haiko. Kumshtaki kwa kuvunja alama iliyosajiliwa ilikuwa ngumu. Nilichobakia nacho ni ile njia nyingine, ya kulalamika kwamba mtu anauza kitu chake kana kwamba kimetoka kwako, na hiyo haitaki cheti lakini inataka ushahidi: kwamba watu wanajua jina lako, kwamba wamedanganyika au watadanganyika, na kwamba unaumia. Ushahidi nilikuwa nao kiasi, yule wa Section 58 peke yake alikuwa ushahidi, maana krispi na juisi vinakaa kaunta moja na vinanunuliwa na mtoto mmoja saa nne ya break. Lakini kesi ni miaka na pesa, na kijana naye angeenda kuomba 32 na mimi nikapinga ndani ya zile siku 60, tukapeana kazi ya mawakili bure.

Tukakutana watatu. Akakubali kutoa picha ya ndege na kubadilisha muundo wa herufi, abaki na maneno peke yake kwa juisi na maji, na asiguse vitafunio. Mimi nikakubali nisiingie vinywaji. Tukaweka kwa karatasi na saini. Dada wakili akatuambia hata wakubwa wamefanya hivyo, ile kampuni ya Apple ya kompyuta na Apple Corps ya wale wanamuziki wa Beatles walikubaliana 1981 kwamba mmoja abaki kompyuta na mwingine muziki, halafu kompyuta zikaanza kutoa muziki, wakarudi kortini, na hawakumalizana kabisa mpaka 2007. Mimi nilicheka nikamwambia kijana, wewe usije ukaanza kukaanga viazi kwa blenda.

Hajakaanga. Lakini wiki iliyopita amenipigia anataka kuanza kugandisha ile juisi ya maembe iuzwe kwa kijiti, na barafu za kula na aiskrimu ni 30. Mimi kwa 30 niliandika popkoni na vitafunio vya mahindi, aiskrimu sikuandika. Yeye anasema barafu ni juisi tu imepigwa baridi, kwa hivyo bado iko kwa kinywaji na karatasi yetu inamruhusu. Mimi nasema inaliwa, hainywewi. Dada wakili amesema tupeleke ile karatasi Jumamosi aongeze kipengele, na safari hii anayelipa ni kijana.